Alama Chini ya Ganda

4 Machi

Dada yangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda kafunge mlango. Haya asiyajue mtu yeyote: si shemeji, si muuguzi mwenzako wa zamu, wala mto unaolalia. Ukimaliza, choma karatasi hii na majivu uyamwagie maji. Najua utacheka. Cheka, lakini choma.

Simu sitaki. Ya kwangu Mama huipokea kabla yangu, na ya ofisini inakaa mezani kwa msimamizi, ambaye sikio lake liko karibu nayo kuliko langu. Barua nimempa Barafu, yule dereva wa lori la baridi anayepita hapo zahanati kwenu. Nimemwambia ni mambo ya kike. Ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachong'ata, kwa hiyo nadhani hataifungua. Nadhani tu.

Dada, naogopa Mama amefanya jambo la kumfunga mtu jela.

Wewe hujawahi kuingia kiwandani kwetu, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu. Maparachichi hutufikia yakiwa yameshaiva, yale ya kuliwa leo au kesho. Yanapangwa mawili mawili kwenye trei ya karatasi na kuvikwa plastiki nyembamba, kisha bamba la moto linaibana plastiki ile mpaka ijifunge. Bamba hilo limewaunguza akina mama wote wa mkanda. Kila mmoja ana alama yake mkononi, wenyewe wanaiita cheti cha kazi. Baada ya hapo pakiti inateremka na mkanda, na mtu anainyanyua na kuilaza ndani ya katoni. Kunyanyua huko ndiko kazi yenyewe. Ukilegeza, inakuponyoka. Ukibana, tunda linapondeka ndani kwa ndani, na ganda halisemi kitu. Mnunuzi anagundua akiwa na kisu mkononi na wageni mezani.

Mama hapondi. Ndiyo maana wanamwita Mikono ya Pamba. Kwa hiyo ilipoletwa mashine ya kunyanyua pakiti, fundi wake alipouliza ni nani mwenye mkono wa kuifundishia, kiwanda kizima kilimnyooshea Mama kidole. Wakamvika glavu yenye nyaya, akafanya kazi nayo wiki nzima, na kila alivyobana na kila alivyolegeza, mashine ikanakili. "Nguvu, hata pembe ya kidole," Fundi aliniambia, anajisifu kama baba wa mtoto mchanga. "Haiongezi wala haipunguzi. Inafanya vilevile alivyofanya mwalimu wake." Ina vidole vitatu vya mpira laini. Akina mama wameipa jina Mama Mkwe, kwa sababu haichoki, haicheki, na ukisimama karibu yake unajiona huna adabu. Mama mwenyewe sasa amepewa kiti kando yake, aitazame tu.

Mimi ndiye karani wa malalamiko. Duka likipata matunda mabaya linanitumia picha. Zamani zilikuja moja moja, na nilikuwa na muda wa kunywa chai. Tangu Mama Mkwe aanze kazi zinamiminika, na zote zinafanana. Tunda moja likimenywa lina madoa meusi mawili ya duara. Mwenzake wa trei ileile ana doa moja tu, refu, limelala upande kama koma.

Dada, doa lile nalijua. Ni kidole gumba cha Mama, kile kilichobanwa na mlango kabla hatujazaliwa, kikapona kikiwa kimepinda. Unakumbuka alivyokuwa akitushika mashavu kutunawisha uso? Vidole viwili huku, gumba la upande kule. Nilipoiona picha ya kwanza nilijishika shavu palepale ofisini.

Mikono ya Pamba haiwezi kuponda kwa bahati mbaya. Basi amefanya makusudi. Ameifundisha mashine kuponda ili ionekane haifai, wenzake wabaki na kazi zao. Nimetafuta maelezo mengine, sikuyapata. Na nyumbani ana mwenendo wa mtu mwenye jambo moyoni. Vikombe vinamponyoka. Ananiita nimfunge vifungo vya blauzi, halafu ananuna nikivifunga. Juzi aliondoa sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akasimama nayo huku akinipa umbea wa jirani, na aliyepiga kelele ni mimi. Akaniambia, "Wewe mtoto, ipo siku hofu itakuua." Alama za bamba zimemjaa mikononi, mpya juu ya za zamani, na yeye siku hizi halikaribii bamba ila kwa kupita.

Meneja ameanza kuuliza maswali. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Karani

•

11 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeichoma, majivu nimeyamwagia maji, na shemeji yako ameniuliza naua nyoka gani. Umeridhika?

Sasa vuta pumzi. Mama huyuhuyu aliyekuchapa kwa kuchuma ua la jirani ndiye aende kuharibu mali ya watu makusudi? Hata wewe mwenyewe huamini. Umeshikwa na woga, ukauvika nguo za ukweli.

Lakini kuna maswali nataka unijibu, na usiniulize kwa nini. Siku ile ya sufuria, alitoka malengelenge? Aliyaona mwenyewe, au wewe ndiye uliyemwonyesha? Vikombe vinaponyoka mkono upi? Akitafuta ufunguo ndani ya mkoba, anaupapasa au anamwaga kila kitu mezani atazame? Analalamika ganzi ya miguu? Anakunywa maji kupita kawaida? Ngozi yake, mikononi, usoni, masikioni, kuna mahali pamepauka kuliko pengine?

Halafu fanya hivi. Mwambie afumbe macho, kama mchezo. Mguse vidole kimoja kimoja kwa ncha ya uzi wa pamba, akutajie ni kipi. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Kwa meneja, funga mdomo. Najua kwako ni kazi kubwa, wewe ambaye ukiulizwa saa unakiri makosa.

Na usikae na njaa kwa sababu ya hofu. Nakujua.

Dada yako

•

19 Machi

Dada,

Nimekuandikia habari za jela, umenijibu habari za malengelenge. Lakini mimi ni mdogo, nimetii.

Malengelenge yalitoka, matatu, na nilimwonyesha mimi. Akasema, "Aa, haya," kama mtu aliyeonyeshwa uzi kwenye nguo. Vikombe ni mkono wa kulia zaidi, ingawa wa kushoto nao haujambo sana katika kuangusha. Ufunguo anaumwaga na mkoba mzima. Maji anakunywa ya kawaida. Kuhusu ngozi, kuna mahali pamepauka juu ya kiwiko, anasema ni sabuni.

Ule mchezo tumeucheza baada ya chakula cha mchana, Jumapili. Kwanza alichungulia. Nikamfunga macho kwa kitambaa. Nilipomgusa kidole cha shahada akakaa kimya, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Nikamgusa cha kati, kimya. Halafu, wakati sijamgusa popote, akasema kwa sauti ya furaha, "Kidole kidogo!" Ukimya wangu ukamwambia. Alivua kitambaa, akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tukivunja kitu, na kuniuliza, "Nani kakufundisha mchezo huu?" Nikasema nimeusikia kazini. Akasema, "Kazini kwenu kuna watu hawana kazi." Tangu hapo ananifungia mlango wa chumbani kwake.

Nimefikiri sana, Dada, na ninachokiona kinanitisha. Anajifanya hasikii. Anajiandalia utetezi: siku akikamatwa atasema mkono ulikuwa mgonjwa. Mtu asiye na hatia anajiandalia utetezi wa nini?

Na siku hiyo inakuja. Jana Meneja aliingia ofisini kwangu akafunga mlango kwa kisigino. Alizitandaza picha mezani.

"Karani, wewe una macho. Hizi unaziona ni nini?"

Nikasema ni maparachichi.

"Asante. Hapa nimepata mtaalamu." Akaweka kalamu juu ya lile doa la upande. "Mashine haina kidole kilichopinda. Hii ni alama ya mtu. Kuna mama pale kwenye mkanda anazibinya pakiti kabla hazijafika kwenye mashine, na ana kidole kibovu. Kesho nakagua mikono."

Nilitaka kusema. Nilitaka pia nisiwe nimezaliwa.

Leo amekagua. Akina mama walipanga mstari, wamevua glavu, mikono mbele kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya mashine, gumba lake mfukoni mwa aproni. Meneja alimpita. Alimpita na akamwamkia, Dada! Nani amkague Mikono ya Pamba? Alisimama kwa Mama Pacha, yule rafiki wa Mama mwenye kidole kisichonyooka tangu akatwe na kopo. Na Mama Pacha mdomo wake haumsaidii. Wiki iliyopita aliiambia mashine mbele ya watu wote, "Mama Mkwe, ipo siku nitakung'oa hivyo vidole nikupe uji." Tulicheka. Sasa kicheko kimeandikwa kuwa ushahidi.

Amesimamishwa. Meneja anasema ataita polisi. Mama Pacha alipopita mlangoni kwangu alisema, "Mwanangu, mimi hata inzi namfukuza kwa adabu." Mama alimtazama akitoka.

Nijibu haraka. Sipati usingizi na chakula hakipiti.

Karani

•

25 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Safari hii mimi ndiye nakuambia ufunge mlango.

Mama hajifanyi. Mikono yake imekufa ganzi. Haisikii moto, haisikii uzi, haisikii parachichi. Kwa muda gani, sijui, lakini kabla ya ile glavu, hilo nina hakika. Kwa macho na mazoea ameendelea kufanya kazi, mkono ukienda kwenye njia iliyozoeleka kama punda arudiye nyumbani. Mama hakuifundisha mashine kuponda. Aliifundisha kutosikia.

Kinachosababisha siwezi kukuambia kwa barua. Inaweza kuwa mshipa uliobanwa kwa miaka ya kazi na baridi ya ghala. Inaweza kuwa sukari. Lakini umenitajia mahali palipopauka juu ya kiwiko, na kuna ugonjwa mwingine huanza hivyo, ule ambao watu wakiutaja hushusha sauti. Hapa kwetu nimewaona wenye ukoma wakinywa dawa, wakapona, wakarudi mashambani kwao. Unatibika. Ila mkono ukichelewa, ganzi haiondoki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mlete hospitali ya mkoani, nitawafuata huko.

Sasa sikia vizuri. Kiwandani usiseme lolote, si la mkono wala la mashine, mpaka tujue ni nini. Watu wakisikia mtu wa mikono ile alikuwa akishika chakula chao, hawatangoja maelezo kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa tunda. Watamfukuza Mama na kuosha mahali alipokaa. Mama Pacha ananiuma, naapa. Lakini kwanza Mama. Mama Pacha atasubiri kidogo.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na imenichukiza. Siifuti.

Dada yako

•

27 Machi

Mwanangu wa kwanza,

Barafu amenipa mimi barua yako. Mdogo wako alikuwa ndani, na Barafu akaona mambo ya kike ni mambo ya kike, mama na mtoto kuna tofauti gani. Nimeisoma. Usimlaumu dereva.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu naishika kwa kuitazama, na nikitazama kalamu nasahau neno.

Ganzi ilianza kwenye kidole kidogo, msimu wa maembe wa mwaka juzi. Nikasema ni baridi ya ghala. Ikapanda. Mimi nikawa nakwenda nayo. Macho yalinisaidia. Kila nilipobana pakiti nilitazama plastiki. Ikikunja uso kidogo tu, najua nimeishika, nanyanyua. Nikawa nashukuru Mungu kwa plastiki. Sikujua kwamba ikifika kukunja uso, tunda chini yake limeshaumia. Kabla ya hapo nilikuwa nalijua tunda kabla plastiki haijajua.

Waliponivika ile glavu niliogopa wataona. Fundi akasema, "Mama, safi kabisa, mkono wako hautetemeki." Kumbe hautetemeki kwa sababu haupo. Nikajiambia, mashine ni kitu cha watu waliosoma, vidole vyake vitasikia vyenyewe. Sikujua itasikia kile tu ninachosikia mimi.

Mwanangu, hakuna aliyewahi kunisifu kwa kitu kingine. Sikuzaliwa na sauti nzuri, wala sura. Niliitwa Mikono ya Pamba. Ungekuwa wewe, ungewaambia?

Unasema Mama Pacha atasubiri kidogo. Mama Pacha ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, mkunga alikuwa amechelewa. Hakusubiri.

Mdogo wako usimwandikie chochote. Anadhani mimi mhalifu. Naliona hilo anavyonipa chai, anaiweka mbali kisha anarudi nyuma. Niachie mimi. Yule ni kifaranga, kivuli cha mwewe tu kinamtosha.

Hospitali nitakuja. Kwanza kuna mtu nimtoe.

Mama yenu

•

2 Aprili

Dada yangu,

Barua yako ya tarehe 25 nimeisoma leo tu. Mama amenipa ikiwa imekunjwa ndani ya leso, na akaniambia, "Hii ni yako. Nimechelewa kukuletea, nilikuwa na shughuli." Shughuli yenyewe ndiyo hii.

Ijumaa Meneja alisimamisha mkanda kabla ya chakula cha mchana. Alitukusanya sote, hata sisi wa ofisini. Mama Pacha alikuwa ameletwa, amesimama kati ya walinzi wawili, amevaa nguo za kanisani kama mtu anayekwenda kuhukumiwa na anataka aonekane vizuri. Meneja alisema polisi wako njiani, na kwamba anataka kila mtu aone mwisho wa mchezo. Mimi nilikuwa nimeshika picha. Aliniambia nizishike, nikazishika.

Mama akainuka kwenye kiti chake.

"Meneja, huyo mwache."

"Mama, kaa tu. Hili halikuhusu."

"Fundi," akasema Mama, "nimenyee hayo." Kulikuwa na trei iliyorudishwa na duka, ipo mezani kwa ajili ya ushahidi. Fundi alimtazama Meneja, kisha akamtazama Mama, akachukua kisu. Akamenya. Madoa mawili huku, koma kule.

Mama akatoa mkono mfukoni. Alivilaza vidole viwili kwenye madoa mawili, na gumba lake likaingia kwenye lile la upande kama yai kwenye kiota.

Meneja alicheka kidogo. "Mikono ya Pamba, nakuheshimu. Unamfunika rafiki yako. Wewe hujawahi kuponda tunda maisha yako."

"Sikujua kama naponda. Sisikii."

"Husikii nini?"

"Chochote."

"Mama, tafadhali. Watu wazima hatutaniani kazini."

Dada, Mama aligeuka akatembea mpaka kwenye mashine ya kufungia, na akauweka mkono juu ya bamba la moto. Vidole vyote vinne, bapa, kama mtu anayepima homa ya mtoto kwenye paji la uso. Na akaendelea kumtazama Meneja usoni, bila kukunja ndita hata moja, akisubiri amjibu.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Aliyepiga kelele ni mimi. Fundi alimrukia na kumvuta kiwiko. Mama alimwambia, "Taratibu, kijana, utaniangusha."

Hapo ndipo nilipojua, mbele ya watu wote, nikiwa na picha mkononi, jambo ambalo wewe ulilijua kwa malengelenge matatu. Alikuwa ameniambia kila siku: kwa vikombe, kwa vifungo, kwa sufuria. Mimi nikamfungulia mashtaka.

Mama Pacha aliwaacha walinzi wake akaja kumkumbatia. Huyo mmoja tu. Wengine walikuja hatua mbili, na ndipo sauti moja nyuma ikauliza, bila ubaya, "Mkono usiosikia ni ugonjwa gani huo?" Mama mmoja alijifuta viganja kwenye aproni. Na wa pili. Kisha nikaona wote wanajifuta, Dada, mstari mzima, pole pole, macho chini, watu waliokula naye sahani moja.

Polisi walirudishwa getini. Meneja aliniita ndani. Safari hii hakufunga mlango kwa kisigino, aliufunga kwa mkono na kuuhakikisha. Alisema neno hili lisitoke. Likitoka maduka yatarudisha kila tunda. Na likitoka, yeye atasema Mama alifanya makusudi. "Na wewe karani ulizijua alama hizo tangu mwanzo," akasema. "Nilikuona ukijishika shavu." Kwa hiyo alikuwa ananitazama siku zote. Ningesema nini? Makusudi lilikuwa neno langu kabla halijawa lake.

Mama Pacha amerudishwa kazini. Mashine haijazimwa. Fundi aliomba isimame mpaka apate mkono mwingine wa kuifundishia, akaambiwa oda haziwezi kungoja. Amemwendea Mama Pacha avae glavu. Mama Pacha kamwambia hawezi kumfundisha adabu mkwe aliyetaka kumfunga, kisha kamwambia atafikiri. Kwa sasa kule kiwandani bado kuna mkono wa Mama unaofanya kazi, unanyanyua na kuponda, na huo hakuna wa kuupeleka hospitali.

Sisi tumeondoka. Mwenye nyumba alikuwa ameshasikia. Alisimama mlangoni akizungumza nasi kutoka mbali, akasema kodi iliyobaki tusijali, tusirudi tu. Hapa hospitali ya mkoani wamemkata kipande kidogo cha ngozi pale juu ya kiwiko, wakachukua na damu. Majibu bado. Daktari anaongea kwa upole sana, na upole wake unanitisha kuliko Meneja. Mkono wamemfunga bandeji. Mama anawaambia wauguzi kwamba uzuri wa kidonda chake ni kuwa hakimsumbui, wauguzi wanacheka, kisha wanatoka nje na hawacheki tena. Jana alinishika shavu aninawishe uso, kama zamani, kwa mkono wa kushoto. Alinibana sana. Sikumwambia.

Njoo. Ukitaka kutupata, fanya hivi, na usibadilishe hata kimoja.

Usimtumie Barafu tena. Si mtu mbaya, ila anapenda kuonekana ana habari. Usipige simu kiwandani wala usiandike kwa anwani ya kule, bahasha zangu zinafunguliwa. Njoo wewe mwenyewe, na usivae sare ya uuguzi, majirani hapa wakiona sare wanahesabu vyumba wajue mgonjwa yuko kipi. Shuka kituo cha nyuma ya hospitali, si cha mbele. Fuata ukuta mpaka kwenye duka la fundi viatu, uingie uchochoro wa kulia. Tumepanga chumba cha mwisho, chenye pazia la kijani. Ukiulizwa, sema unamtafuta karani, usimtaje Mama. Gonga kwa kucha, nitakusikia, mimi siku hizi nasikia kila kitu.

Na mlango ukifunguliwa, Mama atakunyooshea mkono kwanza, unamjua. Usiupokee; ukiupokea atautazama wako akitafuta kama umeushika, na uso wake utabadilika. Mguse bega. Hapo bado anasikia.

Mdogo wako